Miguu ya vifaranga: maswali ninayoulizwa kila wiki

Natotolesha vifaranga Pasua, Moshi, kwa mashine ya mayai 264. Wateja wangu wengine wako hapa hapa mjini, wengine Himo, wengine Arusha. Yeyote akipata kifaranga asiyesimama ananitumia video, na ikifika saa tano usiku simu imeshajaa vifaranga waliolala ubavu. Majibu mengi yanajirudia, kwa hiyo nimeyaweka hapa.

Ila kabla hujatafuta swali lako, nijibu langu: kifaranga ana siku ngapi? Mwenye siku moja, mwenye siku kumi na mbili na mwenye wiki nane wanaweza kulala kwa mkao ule ule, na kila mmoja ana shida yake. Mara nyingi wa kwanza kaharibiwa na sakafu, wa pili na chakula, wa tatu na kirusi. Ukikosea umri utamfunga plasta kifaranga anayehitaji vitamini, au utamnywesha vitamini ambaye hakuna kitakachomponya.

Shikamoo mama. Kifaranga katoka jana usiku, anayumba na kukaa kwa magoti. Ndiyo kilema?

Marahaba. Hapana, mwache kwanza. Amepambana na ganda saa nyingi, amechoka na manyoya yamelowa. Kuyumba saa kumi na mbili za mwanzo ni kawaida, na wengine huchukua siku nzima. Usimtoe kwenye mashine kabla hajakauka. Tumboni bado ana kiini kinachomtosha siku mbili hadi tatu, kwa hiyo njaa haitamuua leo. Ninachoangalia ni kesho yake: wenzake wakishaanza kukimbizana na yeye bado yuko chini, hapo ndipo namshika nimtazame.

Halafu neno moja kuhusu hayo magoti. Kile kiungo kinachokunjika kwa nyuma, tunachokiita goti la kuku, kwa kweli ni kisigino chake. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya karibu na tumbo. Kuku anatembea kwa vidole maisha yake yote. Hapa chini nitakiita kifundo, tusichanganyane.

Miguu imetanuka, mmoja huku mmoja kule, hawezi kuikusanya. Nimfanyeje?

Huyo amepiga msamba, na ndiyo shida ninayoulizwa kuliko zote. Habari njema ni kwamba akiwa na siku moja au mbili, wengi hupona. Mifupa na kano bado ni laini, na vitu laini hukubali kuelekezwa. Akifika wiki moja kazi inakuwa ngumu, na baada ya hapo unajisumbua tu.

Tafuta plasta ya kitambaa, ile ya famasi, au bandeji inayojinata yenyewe. Kata kipande chembamba, upana wa nusu sentimita hivi, urefu wa kidole chako cha kati. Mtu wa pili amshike kifaranga kwa viganja viwili, miguu ikining'inia. Zungusha upande mmoja wa plasta kwenye mguu, chini ya kifundo na juu ya vidole. Acha daraja katikati, kisha zungusha mguu wa pili. Daraja liwe kama sentimita mbili na nusu, karibu upana wa kidole gumba cha mwanaume. Kipimo cha kweli ni kifaranga mwenzake aliye mzima: mwangalie anavyosimama, umpe mgonjwa nafasi ile ile. Ukibana sana ataanguka kama gunia. Ukiachia sana msamba unaendelea.

Upande wa gundi wa lile daraja ukunje ujinate wenyewe, la sivyo utaokota maranda na kinyesi mpaka jioni. Na usitumie raba bendi wala uzi. Raba inazidi kubana kadiri mguu unavyovimba, na nimeshaona mguu uliokauka ukawa mweusi kwa sababu hiyo.

Baada ya saa 24 fungua, kanda miguu kidogo kwa vidole, tazama kama ngozi imechubuka, kisha funga upya. Siku mbili hadi nne zinatosha kwa wengi. Siku ya tano ikipita bila mabadiliko yoyote, soma swali la mwisho kabla ya lile la pesa.

Nimemfunga jana, leo anaangukia kifua kila akijaribu kutembea.

Kawaida, anajifunza. Mtenge na wenzake wasimkanyage, ila awaone na kuwasikia, maana kifaranga wa peke yake hulia mpaka anaacha kula. Maji yawe kwenye kifuniko kifupi chenye kokoto ndani. Aliyefungwa miguu akiangukia maji ya kina cha vidole viwili, hatoki. Mchovye mdomo majini kila baada ya saa chache, na chakula kimwagwe pale pale alipolala.

Mimi pia huwa namkalisha kwenye kikombe cha chai kilichowekwa kitambaa chini, robo saa, mara tatu nne kwa siku. Kikombe kinamkusanya miguu chini ya mwili bila yeye kupenda.

Lakini nini kilisababisha? Mayai yangu ni mazuri.

Nionyeshe sakafu. Mara yangu ya kwanza kutotolesha nilitandika kalenda ya ukutani, ile karatasi nzito inayong'aa, kwa sababu ilikuwa safi na niliona fahari. Vifaranga thelathini na kitu, na kesho yake tisa walikuwa wamepiga msamba. Niliwalaumu majogoo, nikailaumu mashine. Mama mmoja jirani alikuja kununua mayai, akaweka kiganja juu ya ile kalenda, akakisukuma kikateleza mpaka ukutani. Hakusema kitu.

Gazeti, boksi lililopakwa nta, beseni la plastiki na trei ya chuma ni yale yale. Kifaranga anayejifunza kusimama anahitaji kitu cha kukamata kwa kucha. Siku tatu za kwanza mimi natandika taulo kuukuu. Mitumba ya Kiboriloni huwa ina mataulo mazito yaliyochoka, ndiyo yenyewe, ila kata nyuzi zote zinazoning'inia. Baada ya hapo naweka maranda, au maganda ya mpunga, ambayo huku kwetu hayana shida kwa sababu mashine za kukobolea ziko Chekereni na Mabogini. Nasema maganda, si pumba. Pumba ni chakula. Na vumbi la msumeno usitandike kamwe, wanalila.

Sakafu ikiwa nzuri na bado wanapiga msamba, rudi kwenye mashine. Ya feni inatakiwa nyuzi 37.5 hivi muda wote, unyevu wa asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha upandishe uelekee 65 na 70 kwa siku tatu za mwisho, na kugeuza kukome siku hiyo hiyo ya 18. Umeme ukikatika usiku wa siku ya 19 na wewe umelala, joto likashuka likapanda, utaona matokeo miguuni. Unyevu ukizidi sana, vifaranga wanatoka wakubwa, laini, wamejaa maji, na uzito huo miguu haiubebi.

Kwa nini kuku wangu akiatamia mwenyewe siwaoni hawa?

Kwa sababu yeye haatamii juu ya kalenda. Kiota cha majani makavu ya mgomba kina mikunjo na nyuzi za kukamata, na mama amewalalia kwa juu, miguu yao haina pa kwenda. Jambo jingine ni kwamba mtetea anayezurura kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani, anakula majani, wadudu na minyoo, kwa hiyo yai lake lina vitu ambavyo yai la kuku wa kufungiwa anayekula pumba tupu halina. Hilo la pili ni kubwa, tutalirudia kwenye vidole.

Walitoka wazima Moshi, wamefika Arusha wawili hawasimami.

Ni kilomita kama 80, na unajua matuta yaliyopo. Kila tuta, kifaranga aliye kwenye boksi tupu anateleza kutoka kona hadi kona: Boma Ng'ombe, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, mpaka stendi. Ndiyo maana boksi zangu zina maranda chini na nimezigawa vyumba kwa kadibodi, ili wakirundikana upande mmoja wasiwe wote. Dereva akiweka boksi juu ya injini au kwenye buti pamoja na ndizi, hilo siwezi kulizuia. Mwambie anayepokea akague boksi pale pale stendi. Waliopiga msamba njiani wafungwe usiku huo huo, wasingoje Jumapili.

Vidole vimejikunja kwa ndani kama ngumi.

Siku ngapi? Hapa umri unaamua kila kitu.

Kama ametoka hivyo kwenye yai, mtengenezee kiatu. Kata kipande cha kadibodi nyembamba, kama boksi la majani ya chai, kikubwa kidogo kuliko unyayo wake. Nyoosha vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, kanyagisha juu ya kadibodi, kisha bandika plasta kwa juu mpaka vidole vishikwe katikati kama nyama kwenye mkate. Siku moja hadi tatu. Ukifanya ndani ya saa 24 za kwanza utashangaa; ukisubiri siku ya nne, vidole vimeshakubaliana na ngumi. Anatembea kama aliyevaa makubadhi ya baba yake, watoto wangu wanacheka, lakini anapona.

Kama alikuwa mzima kabisa, na sasa, siku ya kumi hadi ya kumi na nne, anatembea kwa vifundo, vidole vimejikunja kwa ndani, anakula vizuri na macho ni maangavu, basi amekosa vitamini B2, inayoitwa riboflavini. Mishipa ya fahamu ya miguu inavimba na kushindwa kutuma habari. Kiatu hapa hakifanyi chochote. Nenda duka la dawa za mifugo, nunua vitamini ya unga ya kuchanganya na maji, soma kwenye pakiti kama B2 imo, na uchanganye kwa kipimo walichoandika. Aliyeanza jana au juzi huinuka upesi. Aliyekaa hivyo wiki mbili, mshipa umeshaharibika na hatainuka.

Wakati unasubiri duka lifunguliwe, ini la kuchemsha lililosagwa na kiini cha yai la kuchemsha vina B2 ya kutosha kukuvusha siku mbili. Majani mabichi yaliyokatwakatwa yanasaidia pia.

Ukiona vifaranga wengi wa mzao mmoja wana vidole vya ngumi tangu siku ya kwanza, usitafute kosa kwenye mashine tu. Uliza mama zao wanakula nini. Niliwahi kununua mayai kwa mfugaji ambaye kuku wake walikuwa wanakula pumba za mahindi na maji, basi. Mayai yalikuwa makubwa, masafi, ya kupendeza. Mengi yalikufa ndani kabla ya siku ya kutoka, na waliotoka nusu walikuwa na ngumi. B2 ya kifaranga inatoka kwa mama yake, na mama hawezi kutoa asichonacho.

Vidole vimepinda kwa upande tu, ila anatembea.

Mwache, atakula na kukua. Usimfanye mbegu, kwa sababu kasoro nyingine za vidole ni za kurithi.

Kifundo kimevimba, mguu mmoja umegeukia nje, na ukimsimamisha unaanguka.

Weka kidole nyuma ya kifundo cha mguu mzima. Utasikia kano, ngumu kama uzi wa gitaa, imelala kwenye mfereji wake katikati. Sasa shika kifundo kibovu. Ukikuta nyuma ni bapa, hakuna uzi, na uzi wenyewe uko pembeni, kano imeteguka imetoka njiani. Ni ngumu kuliko zote kwenye ukurasa huu, nisikudanganye.

Ukiwahi siku ile ile, nyoosha mguu kwa nyuma taratibu, sukuma kano kwa kidole gumba irudi kwenye mfereji, halafu kunja mguu polepole. Mara nyingine utasikia ikiingia. Mfunge bandeji mguu ukiwa umekunjwa kama anavyokaa, siku mbili au tatu. Wengi kano inatoka tena. Mimi hujaribu mara mbili, ya tatu sijaribu, maana anaumia kweli.

Chanzo kikubwa ni upungufu wa manganizi, na pia kolini na biotini. Mahindi yana manganizi kidogo sana. Pumba za ngano na za mpunga zinayo nyingi. Kwa hiyo anayejichanganyia chakula kwa mahindi na dagaa tu, bila primiksi (unga wa vitamini na madini), anajitafutia vifundo vibovu. Na chokaa au mifupa ikizidi kwenye mchanganyiko, hata ile manganizi kidogo iliyopo haifyonzwi.

Chakula cha vifaranga kimeisha dukani. Nikiwapa cha kuku wa mayai kuna ubaya?

Upo. Chakula cha mayai kina kalisi karibu mara nne ya kinachohitajiwa na kifaranga, kwa sababu mtetea anatengeneza ganda. Kifaranga hatengenezi ganda. Kalisi ile inaharibu figo, inazuia manganizi na inavuruga mifupa. Siku moja ya dharura haiui, wiki tatu ni habari nyingine. Afadhali mahindi yaliyobarazwa pamoja na yai la kuchemsha kwa siku hiyo moja, kesho utafute stata.

Wana wiki tatu, wanatembea kama walevi na wanakaa kila hatua mbili.

Shika mdomo wa mmoja, uukunje kidogo kwa kidole. Ukipinda kama mpira, mifupa ni laini: ni matege ya vifaranga. Amekosa vitamini D3, au kalisi, au fosforasi, au uwiano wa hizo mbili umevurugika. Namwona sana Arusha mwezi wa sita na wa saba, kuna baridi na mawingu, mfugaji anawafungia ndani wiki tatu mfululizo na chakula kajichanganyia mwenyewe.

Wape D3 kwenye maji kwa kipimo cha pakiti, badilisha chakula, na saa nne asubuhi watoe kwenye jua, nusu saa, kwenye uzio wa wavu kwa sababu mwewe naye ana watoto. Jua la kupitia kioo cha dirisha halihesabiwi, kioo kinachuja mionzi inayotengeneza vitamini hiyo. Wakiwahiwa wanapona vizuri. Mfupa ukishapinda ukakomaa hivyo, ndiyo umbo lake.

Vifundo vyekundu tu, siku ya kwanza.

Alisukuma ganda muda mrefu. Wekundu unaisha wenyewe akiwa juu ya kitu laini.

Kifundo kimevimba na ni cha moto, na kifaranga kanyong'onyea.

Huo ni uambukizo. Mara nyingi bakteria waliingia kwa kitovu kibichi siku ya kutoka, kutoka kwenye mashine chafu, au kwa mchubuko. Angalia kitovu: kikiwa cheusi, kimelowa au kinanuka, umeshapata jibu. Hapa antibayotiki ina kazi, ila achague daktari wa mifugo, si muuza duka kwa kukadiria rangi ya pakiti. Ukipoteza watano sita kwa wiki, peleka mizoga kuchunguzwa. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania wana kituo cha Kanda ya Kaskazini Arusha. Mzoga uwe mbichi, umewekwa kwenye barafu. Ulioachwa juani hausemi kitu.

Miguu imelegea na kichwa kinatetemeka au kinapinda.

Basi shida haiko miguuni, iko kichwani. Wiki ya kwanza hadi ya tatu, mtetemeko mwepesi wa kichwa na shingo unaousikia mkononi kama simu iliyowekwa mtetemo, hicho ni kirusi cha ubongo ambacho kinaweza kutoka kwa mama kupitia yai, na hakina dawa. Wiki ya pili hadi ya nne, anaanguka chali na kupiga miguu hewani: fikiria upungufu wa vitamini E, hasa kama chakula kimekaa muda mrefu na kinanuka mafuta yaliyooza. Shingo imejisokota, wanaharisha kijani na wanakufa kwa haraka: kideri. Usiuze, usihamishe, piga simu kwa bwana mifugo. Na kideri kina chanjo. Ya I-2 ni tone moja jichoni, inastahimili joto kuliko nyingine, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Sielewi mtu anayenunua vifaranga mia halafu anaona chanjo ni gharama.

Ana wiki nane, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma.

Ni mareksi, karibu hakika. Daktari Mhungaria József Marek aliueleza mwaka 1907, na ndio maana una jina lake. Kirusi kinakaa kwenye vumbi la manyoya miezi mingi, kinaingia kwa pumzi, kisha kinavimbisha mishipa ya fahamu. Hauna tiba. Chanjo yake huchomwa siku ya kwanza ya maisha, na ikishachanganywa inatakiwa iishe ndani ya saa moja au mbili, chupa moja dozi elfu. Kwa mtotoleshaji mdogo kama mimi hiyo ni hesabu ngumu. Huwa tunaungana watatu wanne, tunapanga mashine zetu zitoe siku moja.

Jiko la mkaa linatosha kuwapa joto?

Linatosha, na linaua. Weka tundu la hewa juu, moshi wa mkaa hauna harufu ya kutosha kukuamsha. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama tatu kila wiki. Hapa Moshi mwezi wa kwanza unaweza kuzima mchana. Arusha mwezi wa saba usijaribu.

Uhusiano wake na miguu ni huu: wakisikia baridi wanarundikana, na aliye chini ya rundo anavunjika au anateguka. Kipimo changu hakihitaji kipimajoto. Mwinue kifaranga, weka nyayo zake kwenye shavu lako. Zikiwa baridi, sakafu ni ya baridi, hata kama taa inawaka kwa juu.

Kuna tope limeganda kwenye vidole.

Ni kinyesi na chakula. Usikibandue kikavu, utang'oa ukucha. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika tano sita, kitalainika chenyewe. Na kidole kimoja kikiwa kimevimba na kuwa cheusi peke yake, leta tochi utafute uzi: nyuzi za gunia na nywele za kusuka hujizungusha pale mpaka damu inakata. Ukate kwa mkasi mdogo wa kucha.

Bibi anasema niwape machicha ya mbege, yana nguvu.

Bibi hajakosea sana. Hamira ina vitamini B, na ulezi si mbaya. Lakini ndani mna pombe na msesewe, lile gamba chungu la mti, na kifaranga ana gramu 40. Mpe kuku mkubwa, kidogo.

Anakaa chini muda wote ila miguu imenyooka vizuri.

Angalia kinyesi. Kikiwa na damu ni koksi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na anakaa kwa sababu anaumwa tumbo. Hii inawapoteza watu wengi, wanakanda miguu siku tatu wakati dawa ya koksi iko dukani.

Broila wangu wa wiki nne wanachechemea.

Mwili umekimbia, miguu imebaki nyuma. Wape saa kadhaa za giza usiku wapumzike kula, maranda yawe makavu, na usiwarundike.

Lini nikubali kwamba hatapona?

Akiwa hawezi kufika kwenye maji mwenyewe baada ya siku tano za kuuguzwa, akiwa ana vidonda vya kuburuza mwili, au wenzake wameanza kumdonoa. Hapo mmalize haraka, kwa mkono usiosita, na si kumwacha kwenye kona afe kwa kiu. Sijazoea, na ni miaka sasa.

Je, unarudisha pesa?

Kwa msamba na vidole vya ngumi vilivyoonekana ndani ya siku mbili tangu uwapokee, nabadilisha kifaranga kwa kifaranga. Baada ya wiki, hapana, hicho ni chakula chako. Ukinitumia video, anza na sakafu, halafu pakiti ya chakula, kifaranga mwishoni. Na uandike ana siku ngapi.